Ukuta wa Mama Loyce

Kilichomfanya Redempta ajenge ukuta ni mchuzi wa kuku, ingawa mwenyewe angekuambia lilikuwa suala la heshima.

Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima. Wanawake wa jumuiya walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani kwake, wakimsikiliza akieleza kwa sauti ya upole jinsi mwili unavyozoea kujinyima ukishaamua, na jinsi yeye na mumewe Simoni walivyokuwa wakishindia uji na maharage tangu Jumatano ya Majivu wala wasione shida. Alikuwa mzungumzaji mzuri. Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa mahakama, na huko alijifunza kusema jambo kana kwamba limekwisha kuthibitishwa. Basi alipofika mahali patamu kabisa pa maneno yake, sauti ikatoka ng'ambo ya uzio wa minyaa.

"Mama Loyce! Huyo kuku wa leo umemtia nini? Harufu imenifuata mpaka chumbani!"

Alikuwa Mzee Zulfikar, jirani wa nyuma, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini Singida. Wanawake wote waligeuza vichwa kuelekea jikoni, ambako moshi ulikuwa ukitoka kwenye dohani taratibu, bila haraka, kama moshi wa mtu asiye na la kuficha.

"Ni wa mgonjwa," Redempta alisema. "Baba Loyce hajisikii vizuri tangu jana."

Wakampa pole. Hawajamaliza kumpa pole, Simoni akatokea kona ya nyumba, redio kwapani, anapiga mluzi, akawasalimia wageni mmoja mmoja kwa furaha, kisha akamwuliza mkewe kama paja lake limeshaiva.

Jioni hiyo Redempta alitangaza kwamba utajengwa ukuta.

"Minyaa ipo," Simoni alisema.

"Minyaa ina matundu. Yule mzee ananiona kuliko ninavyojiona kwenye kioo."

Hapo hakuwa anatia chumvi sana, kwa mujibu wa ushahidi aliokuwa nao. Minyaa ile ilipandwa kabla hawajahamia, na kwa miaka ilikuwa imekauka huku na kule, ikabaki kama meno ya mzee. Na kila siku, duka likifungwa, Zulfikar aliweka kiti chake kwenye baraza ya nyuma, akakielekeza moja kwa moja uani kwa Redempta, akakaa. Kisha maneno yakaanza kuvuka. Leo wali umeshika chini, mama. Leo umechelewa kukoroga. Leo mnagombana nini, au ni kuhusu yule mbuzi? Na akiishiwa maneno kwa Redempta, alimwita Simoni, wakaongea Kinyaturu kupitia minyaa na kucheka. Zulfikar alizaliwa Singida, baba yake vilevile, na Kinyaturu chake kilikuwa kimenyooka. Redempta alikulia Itigi, kwenye nyumba za reli, akaolewa huku, na Kinyaturu chake kilikuwa cha kuombea maji. Hivyo kila walipocheka alijua anachekwa yeye.

Yeye hakuwa mtu wa kuchungulia. Alilisema hilo mara nyingi. Alijua tu kwamba Zulfikar ana mashati manne ya nyumbani na moja halina kifungo, kwamba anakunywa chai ya maziwa bila sukari tangu mkewe afariki, kwamba mtoto wake Moez, aliyeko Arusha, hupiga simu Jumapili na mazungumzo huwa mafupi, na kwamba msichana wa dukani, Elina, ndiye anayemletea chakula cha jioni kwenye hotipoti, nacho hakimalizi. Mambo ambayo mtu yeyote mwenye macho angeyaona.

Kwanza alitaka uzio wa mabati. Fundi Paskali, aliyeitwa kuja kuangalia, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mabati, mama? Kwa upepo huu? Mwezi wa saba utayafuata mabati yako Ikungi."

Ikawa ni bloku za saruji basi. Paskali alitembea uani kwa hatua ndefu, akanung'unika namba, akataja bei. Redempta akataja nusu yake. Wakakutana mahali ambapo kila mmoja aliamini amemwonea mwenzake. Pesa zilikuwepo, maana kiinua mgongo chake hakijaguswa. Alikuwa akikitunza kwa ajili ya jambo la maana, na sasa jambo la maana lilikuwa limempata.

Tatizo lilikuwa saruji. Alizunguka maduka yote ya vifaa mjini, na kila alikoingia bei ilikuwa juu. Mwishowe miguu yake ilimpeleka pale alipoapa haitampeleka.

"Karibu, Mama Loyce," alisema Zulfikar kabla hajasalimiwa, mara tu aliposikia sauti yake ikimwuliza Elina bei. "Nikupatie nini?"

Redempta alimpa karatasi ya fundi. Mzee aliirudisha. "Nisomee tu, miwani nimeisahau nyumbani."

Akasoma: saruji, nondo, waya wa kufungia, misumari ya kamba. Kadiri alivyosoma ndivyo alivyoona sauti yake inavyopungua.

"Unajenga nini, mama?"

"Banda la kuku."

Zulfikar alihesabu nondo kwa vidole. "Kuku," alisema, "au tembo?"

Lakini alimpunguzia bei, akaongeza bunda la waya bila malipo, akamwambia nondo aliyoandika fundi ni nyembamba, achukue nene zaidi kwa bei ileile. Redempta aliondoka akiwa amepata saruji nafuu kuliko mtu yeyote mtaani, na akiwa na hasira ambayo hakuweza kuitafutia sababu.

Ukuta wa mpakani haujengwi kienyeji, kwa hiyo aliitwa mwenyekiti wa mtaa, Shukuru, mtu aliyependa vikao vifupi. Alifika asubuhi, akawakuta Simoni, Paskali na vibarua wawili, Mzee Zulfikar na fimbo yake, na majirani kadhaa waliokuwa wanapita na wakaamua kutopita.

"Basi ni rahisi," Shukuru alisema. "Minyaa iko hapa, ukuta utakaa hapa. Mnakubaliana?"

"Mimi nimeridhika," Zulfikar alisema upesi. "Ajenge tu penye minyaa. Hata leo."

Upesi ule ndio ulioharibu mambo. Mahakamani Redempta aliwaona watu wengi wakiridhika upesi, na wengi wao walikuwa na ng'ombe wa mtu nyumbani.

"Hapana," alisema. "Hii minyaa imehama, mwenyekiti. Imehamia kwangu. Viwanja hivi vilipimwa, bikoni za mipaka zipo. Ukuta wangu utapita kwenye bikoni. Sitaki hata inchi ya mtu, na ya kwangu siiachi."

"Mama Loyce," Zulfikar alisema, "tuache mambo ya bikoni."

"Mmemsikia?" Redempta aliwauliza majirani.

Bikoni ya upande wa barabara ilionekana mara moja, imesimama kwenye majani kama ilivyowekwa. Ya upande wa pili ndiyo iliyosumbua. Vibarua walichimba kando ya minyaa, wakatoa mizizi, wakatoa mawe, na Singida mawe hayaishi; bikoni hakuna. Redempta akaanza kusema kwamba kuna watu wanang'oa bikoni usiku. Zulfikar alisimama ameegemea fimbo, anatazama chini.

Paskali alichoka, akaenda kunawa kwenye jiwe la kufulia lililokuwa mbele ya mlango wa jiko. Maji yakamwagika, yakasafisha udongo ubavuni mwa jiwe. Akainama.

"Mama, hili jiwe lina nini chini?"

"Hilo ni la kufulia, fundi. Endelea na kazi."

"La kufulia ni hili la juu. La chini lina chuma katikati."

Walilisogeza jiwe. Bikoni ilikuwa pale, imetulia kwenye udongo, chuma chake kimeota kutu na namba yake bado inasomeka. Miaka yote hiyo Redempta alikuwa akifulia juu ya mpaka.

Paskali alichukua kamba, akaifunga kwenye bikoni ya barabarani, akaivuta hadi kwenye hii, akaikaza. Kamba ikapita mbele ya mlango wa jiko, hatua chache kutoka kizingitini, ikaliacha jiko zima upande wa Zulfikar: kuta zake za matofali ya kuchoma, rafu zake za saruji, dirisha lake, na dohani yake bado inatoa moshi.

Jiko lile ndilo kitu pekee Redempta alichowahi kujenga bila kumwuliza mtu. Alilijenga mwaka aliopandishwa cheo, kwa mshahara wake, akachagua mwenyewe mahali, akasimamia mwenyewe tofali kwa tofali.

Mwenyekiti alikohoa. Simoni akatazama mawingu. Kuku mmoja akaruka kamba, akaingia kwa Zulfikar, akarudi.

"Ulijua?" Redempta aliuliza.

"Nilijua," Zulfikar alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mnachimba msingi. Nilikuja kukuambia, mama. Ulikuwa unakaanga maandazi ya mafundi, ukanipa la kwanza, la moto, ukasema karibu baba, ndiyo tunajenga jiko. Nikala. Sasa ningeanzaje, andazi lako liko mdomoni? Nikarudi nyumbani. Marehemu mke wangu akaniuliza, umewaambia? Nikamwambia kesho."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake ilikuwa Jumapili."

Majirani walicheka. Redempta hakucheka. Zulfikar angemtukana, angejua la kufanya. Matusi alikuwa ameyazoea tangu kazini. Lakini mtu kukutunzia aibu yako miaka yote, halafu aje aitoe mbele za watu kwa sababu wewe mwenyewe umemlazimisha, hilo hakulijua linajibiwaje.

"Eneo lile chukua tu," Zulfikar aliongeza. "Mimi sina kazi nalo. Jenga penye minyaa, kama nilivyosema."

Watu wote wakamgeukia. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kutabasamu, maana aliona kikao kinakaribia mwisho. Redempta alitazama jiko, akatazama kamba, akawatazama majirani waliomsikia akisema hataki hata inchi ya mtu.

"Ukuta utapita kwenye kamba," alisema.

"Na jiko?" Simoni aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jiko ni jengo tu."

Ujenzi ulichukua muda mrefu kuliko Paskali alivyosema na pesa nyingi kuliko Redempta alivyokubali. Msingi ulikutana na mwamba, na mwamba una bei yake. Maji ya bomba yakakatika, ikabidi yanunuliwe ya lori la boza. Mchanga wa kwanza ulikuwa na chumvi, ukaletwa mwingine. Kibarua mmoja aliangusha bloku mguuni, naye alihitaji kutibiwa, kula na kubembelezwa. Kiinua mgongo kilipofika ukingoni, mbuzi waliokuwa kwa mdogo wake Simoni kule Ikungi wakauzwa. Redempta aliwapikia mafundi katika jiko lilelile walilokuwa wanalifungia nje, akiingia na kutoka juu ya msingi, halafu juu ya mstari wa kwanza wa bloku, halafu wa pili, akikunja kanga, mpaka siku ilipomshinda kuruka. Siku hiyo alipandisha sufuria juu ya ukuta, akazunguka barabarani kuja kuzipokea. Lipu alipiga upande wake tu. Upande wa pili, alisema, si wake.

Zulfikar hakulalamika. Minyaa, ambayo sasa ilikuwa ndani ya kiwanja chake, aliing'oa. Saa nne alikuwa akiwatumia mafundi birika la chai.

Ukuta ulipokamilika Redempta alifagia uani, akaweka kigoda katikati, akakaa. Hakuna aliyemwona. Alianika nguo zote, hata zile ambazo kwa miaka alizianika chini ya kanga. Alimsema Simoni kwa sauti ya kawaida. Alikaanga samaki Ijumaa, jambo ambalo wala si dhambi, akafurahi kana kwamba ni dhambi. Wiki hiyo hapakuwa na mwanamke mwenye raha kama yeye mtaani.

Halafu ikaja kazi ya kupika kila siku. Mtungi wa gesi ulikuwepo, lakini ulikuwa wa chai na mayai. Maharage yangeumaliza, na pesa ya kuujaza ilikuwa imesimama uani imepigwa lipu. Akaweka jiko la mkaa barazani. Upepo wa kipupwe ukaanza. Cheche zikaruka, zikatoboa pazia, zikatoboa kiti cha sofa alichokipenda. Akaingiza jiko ndani. Dari ikaanza kuwa nyeusi na nguo za kanisani zikanuka moshi. Simoni alikula ugali wenye punje za mkaa bila kusema neno, lakini alizitoa mdomoni moja moja na kuzipanga kwenye ukingo wa sahani, na Redempta aliona hiyo ni sawa na kusema.

Zamu ya kulisha jumuiya ilipomfikia, na sufuria kubwa haziwezi kukaa kwenye jiko la mkaa, alimwita Paskali.

"Toboa," alimwambia.

Paskali aliupapasa ukuta kwa huzuni iliyochanganyika na furaha. "Kutoboa ni bei ya kujenga, mama. Kuna lenta, kuna fremu, kuna mlango."

Mlango aliununua kwa Zulfikar. Mzee hakuuliza ni wa nini. Aliuliza kimoja tu: "Ni wa banda la kuku?" na Redempta alipojibu ndiyo, akampunguzia.

"Komeo liwe upande gani?" Paskali aliuliza akiwa na bisibisi mkononi.

"Upande wangu. Lingekuwa upande gani?"

Kumbe jambo ambalo Redempta hakulifikiria ni hili: mlango ukishafunguliwa, anayeingia ni mgeni. Siku ya kwanza alifungua, sufuria ya maharage imemlemea mikononi, akamkuta Zulfikar kitini kwake, hatua chache mbele yake, bila minyaa wala chochote katikati. Zamani aliweza kujifanya moshi umemwingia machoni asimsalimie. Sasa alikuwa amesimama ndani ya kiwanja cha mtu.

"Hodi," alisema.

"Karibu, mama, karibu ndani."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Simoni hajambo? Loyce huko aliko mzima?"

Na ikawa hivyo kila siku, hodi na shikamoo, asubuhi na jioni. Katika miezi miwili Redempta alimwamkia Zulfikar mara nyingi kuliko alivyomwamkia katika miaka yote ya ujirani wao. Kodi alitaka kulipa, mzee akakataa. Akawa anamwachia sahani kwenye meza ya baraza, nayo ilirudi tupu, na hotipoti ya Elina ikaacha kuja.

Lakini jambo moja lilimkera. Tangu siku ile ya kwanza, Zulfikar alikuwa amekigeuza kiti. Sasa kilitazama ukuta wa nyumba yake mwenyewe, na yeye alikaa ameupa mgongo uwanja wote.

"Mbona unakaa hivyo, baba?" alimwuliza siku moja.

"Nakupa faragha. Umeitafuta kwa gharama kubwa."

"Geuka bwana. Siwezi kuongea na kisogo."

Akageuka.

Moez alikuja bila taarifa, siku ya katikati ya wiki, gari lake limejaa vumbi la njiani kutoka Arusha. Alipitia uani, akamkuta mama mmoja amejifunga kanga kifuani juu ya gauni, masizi kwenye shavu, anakoroga sufuria. Alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mimi ni Moez, mtoto wake. Nashukuru sana kwa kumpikia mzee. Elina hakuniambia kama wameajiri mtu. Anakulipa vizuri?"

Redempta aliinua mwiko, akautazama. "Bado hatujapatana," alisema.

Moez akatoa noti mfukoni, akamtia mkononi, akamfungia vidole kwa upole, kama mtu anavyofanya kwa wazee wasiozoea kupewa. "Chukua hii kwanza. Nitaongea naye."

"Moez!" Sauti ya Zulfikar ilitoka barazani ikiwa imepasuka. "Huyo ni Mama Loyce!"

"Mama Loyce wa ng'ambo?"

"Huyohuyo!"

"Sasa mbona yuko huku?"

"Jiko lake liko huku."

"Mbona jiko lake liko huku?"

"Kaa chini," Zulfikar alisema. "Ni habari ndefu."

Moez alikaa, akasikiliza, na uso wake ukaanza kuwaka kwa aibu kabla habari haijafika kwenye andazi. Aliomba radhi mara nyingi. Redempta alimrudishia noti yake kwa ustaarabu wa kimahakama ambao ulimwumiza kijana kuliko kofi. Basi katika kutafuta la kusema, Moez akasema alilokuja kulisema.

"Nimekuja kumpeleka hospitali, mama. Macho. Daktari alishasema afanyiwe upasuaji, yeye anasogeza tu tarehe."

"Macho yana nini?"

"Mtoto wa jicho, yote mawili. Ni miaka sasa. Mzee haoni."

"Haoni vipi?" Redempta alisema. "Huyu anaona kila kitu."

"Anaona mwanga na vivuli, basi."

Redempta aliweka mwiko chini. Alitafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye kizingiti cha jiko lake.

"Baba," alisema, "ulikuwa hunioni?"

"Kivuli nilikuwa nakiona," Zulfikar alisema kwa aibu kidogo. "Kikiwa kimya nilijua ni Simoni. Kikiwa na kelele nilijua ni wewe. Na pua yangu nzima, na masikio. Mama mwenyewe unapika kwa sauti."

"Mbona hukusema?"

"Mwenye duka anayetangaza haoni, atauza nini? Elina anajua. Moez anajua." Akageuza uso kuelekea mlango wa ukuta. "Na Simoni."

Simoni alikuwa amesimama mlangoni, kwenye ukuta, mguu mmoja huku na mmoja kule, amekuja kuangalia kama chakula kiko tayari. Redempta alimtazama. Mbele ya macho yake ilipita saruji, nondo, mwamba, boza, mguu wa kibarua, mbuzi wa Ikungi.

"Baba Loyce. Ulijua huyu mzee haoni, ukaniacha nikajenga ukuta asinione?"

"Aliniomba nisimwambie mtu," Simoni alisema.

"Hata mimi?"

Simoni alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, na mara nyingi ukweli ulimgharimu. "Hasa wewe."

Redempta hakuongea na mumewe mpaka Jumapili. Zulfikar alikwenda hospitali na mwanawe, kisha Arusha kupumzika, na kwa wiki kadhaa Redempta alipika upande ule peke yake. Alikuwa na uwanja wake uliofungwa na uwanja wa jirani usio na mtu. Faragha ya kumtosha hata kuigawa. Alisema hodi kila asubuhi na hakuna aliyeitikia. Aligundua anakoroga taratibu. Mara mbili aliunguza wali na hapakuwa na mtu wa kumwambia, isipokuwa Simoni, ambaye alikuwa amejifunza kunyamaza.

Mzee alirudi mwishoni mwa mwezi wa tisa, amevaa miwani nyeusi. Siku ambayo daktari alisema aivue, aliivua. Redempta alikuwa anachambua maharage mbele ya jiko, akasikia kimya cha ajabu, akainua uso. Zulfikar alikuwa anamtazama. Kwa mara ya kwanza kwa hakika alikuwa anamtazama, na Redempta akajikuta anarekebisha kilemba.

"Kumbe," Zulfikar alisema.

"Kumbe nini?"

"Nilikuwa nakuona bado kijana."

"Nimezeeka?"

"Sote, mama. Leo asubuhi nilijitazama kwenye kioo, nikataka kumwamkia yule mzee."

Redempta alicheka, akacheka mpaka maharage yakamwagika kutoka kwenye ungo. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alicheka upande ule, au upande wowote. Lakini Zulfikar alikuwa ameshaacha kumtazama; macho yake mapya yalikuwa yanatembea juu ya uwanja, yanahesabu vitu, dohani, papai, kamba ya nguo, mpaka yakafika kwenye ukuta. Hapo yakasimama.

"Mama Loyce. Fundi alikuwa nani?"

"Paskali. Kwa nini?"

"Ukuta umelala."

"Haujalala."

"Umelala pale katikati. Unakuelekea wewe. Na mbona upande huu hauna lipu? Mimi nimeachiwa mgongo tu?"

"Haujalala, baba. Macho bado hayajakaa sawa."

"Njoo usimame hapa nilipo."

Redempta aliinuka, akajipangusa mikono, akapanda barazani, akasimama kando ya kiti cha mzee. Hakuwahi kusimama pale. Ukuta alikuwa ameutazama kwa upande wake tu, ule uliopigwa lipu, akiwa karibu nao. Kutoka hapa bloku zilionekana zilivyo, saruji imemwagika kwenye maungio kama uji, na katikati, kweli, palikuwa na namna fulani ya tumbo. Alifumba jicho moja. Akasogea kushoto, akasogea kulia.

"Labda kidogo," alisema.

"Kidogo? Simoni! Njoo uone!"

Simoni alipita mlangoni, akatazama, akasema kitu kwa Kinyaturu, na wanaume wote wawili wakacheka.

"Amesema nini?" Redempta aliuliza.

"Amesema tangu siku ya pili ya ujenzi alikuwa anauona umelala," Zulfikar alisema. "Aliogopa kukuambia."

Redempta alimgeukia mumewe, na mdomo wake ulikuwa tayari umefunguka. Kisha akaufunga. Alivuta kigoda kilichokuwa karibu na mlango wa baraza, akaketi, akatazama tena lile tumbo la ukuta.

"Kesho nitamwita Paskali," alisema. "Aje aniambie mbele yenu wote wawili. Na lipu ya upande huu atapiga. Saruji, baba, bei gani sasa hivi?"

"Imepanda," Zulfikar alisema.